Uniti 14 za Usiku

Dar es Salaam

Rafiki yangu wa chanda na pete,

Salaam nyingi. Sisi tu wazima, joto tu ndilo limetushika.

Uliniuliza somo la maadili ya uhandisi linakwendaje. Muhula huu niliwagawa wanafunzi watano watano, kila kundi lipime umeme wa jengo moja hapa chuoni. Kundi la maabara ya kompyuta likaleta ripoti safi: viyoyozi huzimwa saa kumi na mbili jioni. Siku ya kuwasilisha nikauliza, nani alikwenda usiku? Kimya. Kisha binti mmoja akainua mkono. Alipita pale saa nne usiku akakuta chumba kitupu, viyoyozi vinanguruma. Aliwaambia wenzake, wakamjibu ripoti imeshachapwa, asiwacheleweshe.

Tukafunga mita. Uniti 14 kwa usiku mmoja, yaani 420 kwa siku 30. Nyumba ya D1, daraja la TANESCO la watumiaji wadogo wa umeme, haitakiwi kuzidi 75 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe ni nyumba ngapi hizo.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki. Wiki mbili kabla, haohao walinieleza vizuri habari za Challenger, kile chombo cha anga cha Marekani: jinsi wahandisi walivyoonya usiku wa Januari 27, 1986 kuhusu baridi na mipira ya kuziba viungo vya roketi, wakubwa wakapitisha kirushwe, na kesho yake watu 7 wakafa. Walijua yote hayo. Mwenzao alipoleta habari ya kiyoyozi, wakamnyamazisha.

Nimelala na kuamka nalo jambo hili. Mimi ndiye niliyetoa alama moja kwa kundi zima, kwa ripoti inayowahi. Nani angethubutu kuwachelewesha wenzake?

Niliwarudishia ripoti wapime upya wote watano, zamu za usiku zikiwemo, na kila kipimo kisainiwe na aliyepima na aliyekagua. Pia kila ripoti sasa ina ukurasa wa pingamizi: asiyekubaliana na kundi huandika hapo, na ukurasa huo una alama zake.

Wa kwanza kuutumia ni binti yuleyule. Ameandika kwamba uniti zile 14 tulizipima wiki moja tu, tena ya joto kali, tusizitangaze kuwa za mwaka mzima. Ikanibidi niirekebishe barua niliyokuwa nimemwandikia mkuu wa idara.

Nijibu upesi, nataka kujua ninyi huko kiwandani mnampa nafasi gani anayepinga.

Wako wa tangu darasani