Kiwanja cha Kibaha

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi. Huku wazima, mama kasharudi Tanga na goti lake lile lile. Nimekaa kimya tangu msiba wa bibi, unisamehe. Leo nimeshindwa kungoja: Rehema kanipigia usiku, eti umepata mnunuzi wa kiwanja cha Kibaha, na kuna dalali atakayempeleka mwanao Salma nje akachomwe sindano moja ya jeni, selimundu iishe.

Usitie sahihi. Nakuomba.

Dawa ipo kweli, inaitwa Casgevy. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Salma wetu ana saba. Wala si sindano ya kuchomwa ukarudi nyumbani. Wanazitoa seli zinazozaa damu, wanazihariri maabara, kisha mgonjwa anapewa dawa kali za jamii ya zile za saratani zifagie uboho wa zamani, ndipo arudishiwe seli zake. Kinga inaanguka, analala wodini wiki kadhaa, na dawa hizo zinaweza kumharibia uzazi. Dalali alikwambia hilo? Marekani dawa peke yake ni dola milioni 2.2. Hata mkiuza mtaa mzima, Mwanahawa!

Na usidhani naidharau. Niliposoma inavyofanya kazi nililia. Unakumbuka Salma wa miezi mitatu, mnene, haumwi kitu? Alikuwa bado na himoglobini ya tumboni mwa mama, ile isiyopinda chembe za damu. Mwili ulipoizima ndiyo vidole vikaanza kuvimba, tukadhani kaumwa na mdudu. Basi wanachokata ni kipande cha jeni kinachoamuru izimwe, ili himoglobini ile iwake tena. Victoria Gray, mama wa Mississippi, alitibiwa hivyo 2019, maumivu yaliyokuwa yakimlaza hospitali yakakoma. Kwenye majaribio, kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walipitisha mwaka mzima bila shambulio kubwa la maumivu. Iko siku itafika kwetu, na Salma nataka aikute akiwa mzima.

Ndiyo maana nakusumbua na vidonge vyake vya hidroksiurea. Inapandisha himoglobini ile ile, kidogo kidogo, kila siku anapomeza. Usiruke dozi hata akiwa anacheza.

Kama pesa ya kiwanja lazima itumike, tuulize kwanza Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wanapandikiza uboho kwa watoto wa selimundu, ila lazima apatikane ndugu anayelingana naye.

Idi, nduguye, keshapimwa? Vidonge vimebaki vingapi? Dalali umempa chochote, hata cha kufungulia faili? Baba Salma anajua? Na kliniki ya mwezi huu mlikwenda? Nijibu kabla hujaonana na huyo mnunuzi, hata usiku wa manane nipigie.

Wako,
Tatu