Barua kwa Salma: wanafunzi wapitishane mpira puani?

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Swali lako nimelisoma. Unataka wanafunzi wa mwaka wa pili wapitishane mpira wa puani, ule unaoshuka hadi tumboni, ili wajue wanachowafanyia wagonjwa. Mimi nakubali, ila kwa masharti ambayo nadhani mkuu wako hatayapenda.

Watumie mpira wa unene wa namba 10 au 12, si 16 ile ya kutolea uchafu tumboni. Pimeni kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi mwisho wa mfupa wa kidari, mtie alama. Kwa mtu mzima huangukia kwenye sentimita 50 hadi 60 hivi. Mpira upakwe jeli ya maji, si mafuta ya mgando, kwani mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia. Mwanafunzi aketi wima, na mpira ufuate chini ya tundu la pua kuelekea nyuma. Wanaouelekeza juu, upande wa macho, ndio wanaotoa watu damu. Ukifika kooni ainamishe kidevu, anywe maji kwa mrija, nawe usukume kila anapomeza, si kabla.

Somo lote liko hapo kooni. Machozi yanatoka, anataka kutapika, na neno "subiri" halitamkiki. Kwa hiyo kabla ya kuanza wapatane ishara: akiinua mkono, anayesukuma asimame palepale. Sanamu la plastiki haliinui mkono, Salma, na kwa hilo peke yake zoezi lina faida.

Akikohoa mfululizo, akipoteza sauti au midomo ikibadilika rangi, mpira utolewe mara moja. Umeingia njia ya hewa. Wodini, kuhakikisha umefika tumboni, tunavuta majimaji na kupima pH, yaani ukali wa asidi, iwe 5.5 au chini, na ikishindikana tunapiga eksirei. Ile ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hudanganya, waachishe mapema. Darasani lakini msimpige mtu mwenye afya mionzi kwa ajili ya zoezi: mpira ukifika kwenye alama, utoke, na kisimiminwe kitu ndani yake. Asiguswe mwenye kutokwa damu puani mara kwa mara, aliyewahi kupasuliwa pua au kuvunjika fuvu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala aliyetoka kula sasa hivi.

Kuchomana sindano na kanula, ule mrija wa mshipani, kwa ajili ya kujifunza huruma, hapana. Mmoja akijichoma kwa sindano yenye damu ya mwenzake, mtaanza kuhangaikia homa ya ini na dawa kinga za VVU ndani ya saa 72. Mpira wa mkojo usiutaje kabisa.

Anayeomba ridhaa asiwe anayesahihisha mitihani yao. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa kitabibu, linawataka watafiti wafanye hivyo hivyo kwa mtu anayewategemea. Najua utanitajia Forssmann, yule daktari Mjerumani aliyejipitishia mpira wa sentimita 65 kuelekea moyoni mwaka 1929 kule Eberswalde. Yule alikuwa anatafuta njia ya kutibu, na hakuna mwalimu aliyemlazimisha.

Hofu yangu kubwa ni nyingine. Mwanafunzi mwenye afya, aliyekubali mwenyewe, anayejua dakika tano zijazo anakwenda kunywa chai, anaweza kutoka pale akisema, "Mbona mimi nilivumilia?" Mgonjwa wake ana tumbo lililojaa na ametapika usiku kucha. Basi wakimaliza waulize swali moja: kesho wodini mikono yako itafanya nini tofauti? Anayejibu "nitamhurumia zaidi" arudi akafikiri.

Kama mkuu atakataa, kuna zoezi la bei rahisi. Wagonjwa wa upasuaji huambiwa wasile wala kunywa tangu saa sita usiku, na zamu inafika saa tisa alasiri, ilhali kwa kawaida chakula chepesi kinahitaji saa 6 tu kabla ya dawa ya usingizi na maji matupu saa 2. Waweke wanafunzi kwenye benchi hivyo hivyo, bila kuwaambia zamu yao ni lini. Wajawazito, wenye kisukari na vidonda vya tumbo wasishiriki. Waliozoea Ramadhani watakucheka. Waambie futari ya leo haina saa.

Nijibu kabla hujapeleka ratiba kwa mkuu.

Wako,
Asha