Akitimiza miaka 18, faili ya binti yetu isifungwe

Mhariri,

Disemba ikikaribia, malori ya unga na sukari huanza kumiminika kwenye makao ya watoto hapa Nairobi. Wafanyakazi wa kampuni hufika wamevaa fulana za rangi moja, wakaimbiwa nyimbo mbili tatu, wakapigwa picha wamebeba watoto wadogo, kisha wakaondoka kabla ya jamu ya jioni. Sina ugomvi nao. Unga ule huliwa. Ila tangu mimi na mume wangu tuanze kumlea msichana aliyetoka katika makao kama hayo, picha zile nikiziona humtafuta wa miaka 17. Simwoni. Nadhani huwa jikoni, anaosha vikombe vya wageni.

Binti yetu alikuja kwetu Umoja akiwa na miaka 14. Wiki za kwanza alikuwa akisimama nje ya mlango wa bafu, taulo begani, kimya, akingoja aitwe, maana kule walioga kwa zamu. Hakuwa amewahi kutumwa dukani. Nilimpa noti ya mia mbili akanunue maziwa, akarudi na maziwa bila chenji. Hakujua kuwa hudaiwa. Na nauli je? Nilikuwa nimemwambia kutoka tauni hadi kwetu ni shilingi hamsini. Siku moja mvua ikanyesha, makanga akataka mia. Alishuka akatembea kwa miguu, kwa sababu Mama alisema ni hamsini. Aliingia nyumbani saa mbili usiku, amelowa chapachapa, hamsini yake ameikunja kiganjani.

Mambo haya mtoto wa nyumbani hafundishwi na mtu. Huyaokota akiwa amemshika mama yake kanga sokoni. Mtoto wa makao hulishwa, akasomeshwa, akatibiwa, na huenda aliyemlea alimpenda kweli, halafu siku moja lango linafunguliwa anatoka mtu mzima asiyejua kwamba Nairobi nauli hupanda na mvua.

Serikali imeliona hilo. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unasema watoto watolewe makao na kurudishwa kwenye familia: zao wenyewe, za jamaa, au za watu kama sisi. Sheria ya Watoto ya 2022 inatutambua walezi, na inatambua pia kafala, malezi ambayo Waislamu wameyajua tangu zamani. Nayo Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi. Kwenye karatasi tuko vizuri. Jina letu tu ndilo halijatulia: wengine hutuandika wazazi walezi, wengine wazazi wa kambo, neno ambalo hadithi za bibi zililiharibu kabla hatujazaliwa. Jirani mmoja bado huniuliza, “Yule mtoto wenu wa kuokota hajambo?” Nimechoka kumrekebisha.

Shida yangu, Mhariri, ni Machi. Machi binti yetu anatimiza miaka 18, na kwa sheria mtoto ni aliye chini ya umri huo. Alichelewa kuanza shule, kwa hiyo siku hiyo itamkuta Kidato cha Tatu, na sare yake ikiwa kambani. Nilimuuliza afisa wa watoto tutafanyaje. Ni mtu mwema, mezani kwake faili zimepanda hadi kidevuni. Akanijibu, “Mama, hapo kazi yangu inaisha. Kuanzia hapo ni moyo wenu tu.”

Moyo upo. Lakini moyo hautoi kitambulisho. Anayekwenda kukiomba huambiwa alete cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Cheti tulikihangaikia mwaka mzima tukakipata. Wazazi hatuwajui, na sisi si wazazi waliomo kwenye kile cheti. Bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, haajiriwi. Hapo ndipo ningetaka afisa aliyeijua faili yake tangu mwanzo asimame kwenye foleni pamoja nasi na kusema, “Huyu namjua.” Tukienda bila yeye, tutakuwa mama na msichana wasiofanana jina, wenye hadithi ndefu, mbele ya karani anayetazama saa.

Upande wa England, sheria ya mwaka 2014 inamruhusu kijana aliyelelewa hivi kuendelea kukaa na walezi wake hadi miaka 21, wote wakitaka, na halmashauri inatakiwa kuwasaidia. Sisemi tuige kila cha Wazungu, na sidai fedha kama zao. Najua kuna Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini zinazolea mayatima. Walio na shida kuliko sisi waipate, tena kwa wakati. Mimi nina cherehani, mume wangu ana kazi. Ninachoomba hakigharimu sana: faili isifungwe kwa sababu ya tarehe. Ifungwe kijana akishapata kitambulisho, akimaliza shule au kujua ufundi, na akiwa na mahali pa kulala panapojulikana.

Na nyinyi wa malori, msiache kuja. Ila mkifika mwaka huu, mwulizeni msimamizi ni nani atakayeondoka mwaka ujao, na anakwenda wapi. Huyo hamtaki unga. Kama kampuni yenu ina karakana, mchukueni ajifunze kazi. Mlipieni deposti ya chumba. Mmoja wenu akubali kuwa mtu wa kupigiwa simu usiku mwenye nyumba akifunga mlango kwa kufuli. Picha ya hayo haipendezi sana, nakubali.

Wiki jana tulikuwa tunachambua sukuma wiki, naye, bila kuinua macho, akaniuliza, “Mama, Machi ikifika nianze kupanga vitu vyangu?” Alikuwa amesikia nikizungumza na afisa kwenye simu. Nimemwambia kitanda kile ni chake, hata akiolewa atakikuta. Akaniuliza kama jambo hilo limeandikwa mahali. Nikamwambia bado.

Tafadhali usichapishe jina langu, kwa ajili yake.

Mama mlezi,
Umoja, Nairobi