Barua kwa mwanangu: siku ya kufunga shule

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia umepewa ukatibu wa kamati ya maandalizi ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili. Ni kazi kubwa kwa mwalimu mgeni, lakini ni kazi nzuri.

Kabla ya kupanga lolote, mtafute kwa macho mtoto mmoja: yule aliyeshika nafasi ya 47 kati ya watoto 47 wa mkondo wake, aliyekaa mwisho wa mstari. Kila jambo unaloamua siku hiyo, lipime kwake. Je, ataliona? Atakula? Atarudi nyumbani na habari ya kusimulia?

Anza na ripoti, kwa sababu ndizo zinazochelewesha shule nyingi. Una mikondo 12 ya watoto 47 hivi, yaani ripoti 564. Mwalimu mkuu akitumia sekunde 20 kusoma, kusaini na kugonga muhuri, hizo ni zaidi ya saa tatu bila kunyanyua kichwa. Ukimpelekea zote Alhamisi jioni, atasaini bila kusoma. Mpelekee mikondo mitatu kwa siku, kwa siku nne, na ziwe zimeisha siku mbili kabla ya sherehe.

Makosa yenyewe huwa ni yale yale. La kwanza ni alama. Walimu wengine hutunga mtihani wa alama 50, kama ule wa taifa wa darasa la saba, na wengine hutunga wa alama 100. Mtoto aliyepata 40 kati ya 50 akiandikiwa 40 kwenye safu ya mia, ameporomoka toka juu mpaka chini kwa kosa la kalamu. Kubalianeni kipimo kimoja kabla alama hazijaanza kujazwa. La pili ni nafasi: watoto wawili wakifungana nafasi ya tatu, anayefuata ni wa tano, si wa nne. Mzazi anayejua kuhesabu ataligundua hilo kabla hajafika getini. La tatu ni maoni ya mwalimu wa darasa. "Aongeze bidii" kwenye ripoti 47 ni sawa na kutoandika kitu. Waombe walimu waandike jambo moja tu ambalo mzazi anaweza kulifanyia kazi likizo: "Anasoma vizuri, lakini hajashika jedwali la 7 na la 8." Hapo mzazi amepata habari.

Ripoti isizuiwe kwa sababu mzazi hajatoa mchango wa sherehe. Hapa Tanzania elimu bila malipo ilianza 2016, na mchango wa hiari ni hiari. Ukimnyima mtoto ripoti, unamwadhibu kwa deni ambalo si lake.

Tangazo kwa wazazi liende wiki mbili kabla, kisha likumbushwe siku mbili kabla. Kikaratasi mkononi mwa mtoto hupotea njiani, na kundi la WhatsApp haliwafikii wenye vitochi, kwa hiyo tuma na ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, basi usianze na "Uongozi wa shule unapenda kuchukua nafasi hii." Andika siku na tarehe, saa 3 asubuhi (neno "asubuhi" liwepo, maana wapo wanaoandika saa kwa Kizungu, watu wakachanganyikiwa), mtoto avae sare, aje na sahani na kikombe vyenye jina lake, na wa darasa la awali afuatwe na mtu mzima. Tarehe ya kufungua shule iwe juu kabisa ya ripoti, si nyuma.

Kuhusu jua: Desemba halina huruma. Kivuli cha mwembe saa 3 asubuhi kiko upande wa magharibi, na kufikia saa 6 kimejikunja chini ya shina. Siku moja kabla, nenda uwanjani saa 3 na saa 5, chora kwa chokaa mahali kivuli kinapofika, kisha weka mabenchi ya watoto katika eneo ambalo kivuli kinakuwepo saa zote hizo. Turubai likitosha upande mmoja tu, liwe la watoto. Meza kuu ina watu kumi, na mwavuli unawatosha.

Ratiba ianze na awali, saa 3 kamili, hata kama mgeni rasmi hajafika. Watoto wa miaka mitano waliovaa majoho hawawezi kusubiri hotuba. Baada ya nusu saa mmoja atalia, na wengine watafuata. Watoto 40 wakipita kupokea vyeti kwa sekunde 15 kila mmoja, umemaliza kwa dakika 10. Majina ya kwenye vyeti yapitiwe na wazazi kwenye orodha kabla hayajachapwa, wasaini mbele ya jina. Tahajia ya jina kwenye cheti cha kwanza cha maisha si jambo dogo.

Ngonjera iwe ya watoto wasiozidi wanane, nao wafanye mazoezi na kipaza sauti chenyewe, si na rula. Mtoto ambaye hajawahi kukishika hukiweka mdomoni kabisa, kikavuma, na beti nzima ikapotea. Risala ya wanafunzi isizidi ukurasa mmoja na nusu. Majina ya zawadi yasomwe, lakini nafasi za watoto wote zisisomwe hadharani; hizo ziko ndani ya ripoti, na huko ndiko kwake. Nalisema hili kwa uzito.

Kwenye zawadi, usiishie kwa watatu wa kwanza. Ongeza aliyepanda zaidi, yaani tofauti ya wastani wa Juni na wa Desemba, na mwenye mahudhurio bora kutoka kwenye rejista. Zawadi tano kwa mikondo 12 ni 60. Ukiweka madaftari manne kila furushi, unahitaji 240, ambayo ni dazeni 20. Bandika jina kwenye kila furushi na uyapange mezani kwa mfuatano ule ule wa orodha ya msomaji, kwa sababu mafurushi yakichanganyika, sherehe nzima husimama watu wakitafuta jina.

Chakula. Kwa pilau, hesabu gramu 100 za mchele mkavu kwa mtoto na 150 kwa mtu mzima. Watoto wako 604, yaani wale 564 na 40 wa awali, ni kilo 60 na kitu, wageni na walimu 100 ni kilo 15, jumla 75. Nyama nusu kilo kwa kila kilo ya mchele, vitunguu robo kilo, mafuta lita moja kwa kilo sita au saba. Usikubali kupikiwa yote katika masufuria mawili makubwa: chini huungua na juu hubaki kiini. Gawanya masufuria matano ya kilo 15, maji kipimo kimoja na nusu kwa kimoja cha mchele uliolowekwa, na kila sufuria lipaliwe makaa juu ya mfuniko. Nyama ichemshwe alfajiri ile ile, isilale. Masufuria yaepuliwe kwa kupishana, na chakula kisikae zaidi ya muda wa saa mbili tangu kuepuliwa.

Kugawa ndiko kunakoangusha wengi. Sahani moja huchukua sekunde 10, na kwa meza moja watoto 604 wanahitaji dakika 100. Weka meza nne, kila moja na mstari wake, utamaliza kwa dakika 25 hivi. Awali na darasa la kwanza watangulie. Kila meza iwe na ndoo ya koki na sabuni mbele yake, na kila mpakuzi aoneshwe kipimo cha upawa. Wakipakua kwa ukarimu mwanzoni, mtoto wetu wa mwisho wa mstari atakuta ukoko.

Ripoti zitolewe madarasani baada ya kula, mzazi na mwalimu wa darasa uso kwa uso. Dakika mbili kwa mzazi ni wazazi 30 kwa saa. Wenye mazungumzo marefu wapewe siku yao. Vitabu vya shule viwe vimerudishwa tangu Jumatano. Na wiki hiyo hiyo mapato na matumizi ya sherehe yabandikwe ubaoni, mpaka bei ya kiberiti.

Jambo la mwisho ni kofia za awali. Vichwa vimenyolewa, pini hazishiki, na upepo kidogo tu kofia zote ziko chini. Zinahitaji lastiki ya kupita chini ya kidevu, sentimita 30 hivi kwa kila kofia, yaani mita 12 kwa zote. Zitume kwa basi mapema, nizishone huku nizirudishe kabla ya siku.

Mama yako