Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: Shanga zangu ni chupa, si madini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUOMBA KAZI YA FUNDI WA KIOO IANDIKWE KWA JINA LAKE

Mbukwenyi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Nkuhungu. Natengeneza shanga, hereni na bangili za kioo kwa mikono yangu, nyumbani, peke yangu. Sina bosi wala kibarua. Kioo nakipata kwenye chupa tupu, nyingi zikiwa za mvinyo wa zabibu zetu hizi za Hombolo na Mpunguzi, nyingine za bia. Kijani ninacho tele na kahawia ninayo tele. Bluu nikiipata nafunga kazi nyingine zote siku hiyo.

Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuulizwa leseni ya madini.

Niruhusu kwanza nieleze kazi yenyewe, maana nadhani shida yote inaanzia hapo. Chupa naiosha, nabandua karatasi, kisha naikata vipande vyembamba kama penseli huku inamwagiwa maji, kwa kuwa vumbi la kioo likishaingia mapafuni halitoki. Nina tochi iliyofungwa mezani, inakula gesi ya kupikia pamoja na oksijeni kutoka kwenye mtungi uleule wanaotumia mafundi wa kuchomelea. Gesi peke yake kwa chupa ni kujichosha tu, moto unakuwa mvivu na kioo kinatoka na masizi. Mkono wa kushoto nashika waya wa chuma mnene kama spoku ya baiskeli, nilioupaka uji wa udongo mweupe na kuuacha ukauke, la sivyo ushanga utaung'ang'ania usitoke tena. Mkono wa kulia nashika kipande cha chupa. Ncha yake inakuwa nyekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu inalegea na kuvutika kama mlenda. Hapo ndipo naiviringisha kwenye waya, nazungusha, nazungusha, sisimami. Ukisimama kidogo tu, ushanga unashuka upande mmoja kama tumbo la mtu aliyetoka harusini.

Miwani ninayovaa si ile nyeusi ya kuchomelea. Kioo kikiwa motoni kinatoa mwanga mkali wa njano, ni sodiamu iliyomo ndani yake, na mwanga huo unakuficha usione unachokifanya. Ipo miwani ya kioo cha didimiamu inayouondoa huo wa njano na kukuachia mengine yote. Niliiagiza nje, na nyumbani kwangu watoto wanajua: simu yangu wanaweza kuichezea, miwani hapana.

Watu hudhani kazi inaishia hapo. Ushanga ukiuacha mezani upoe wenyewe, nje unapoa na kujikaza mapema wakati ndani bado una moto, na huo ugomvi wa ndani na nje ndio unaoupasua. Mara nyingine haupasuki siku hiyo. Unapasuka wiki ya pili, ukiwa sikioni mwa mteja. Miaka yangu miwili ya mwanzo nilikuwa nazifukia shanga kwenye kopo la majivu ya moto; ndogo zilipona, kubwa nilizika moja kwa moja. Sasa nina tanuri dogo la umeme nililoundiwa na fundi wa hapa mjini kwa matofali ya kuhimili moto. Linakaa kwenye nyuzi 550 hivi kwa muda, kisha linashuka polepole mpaka alfajiri. Umeme ukikatika saa tano usiku silali. Nakaa naliangalia kama mtu anayeuguza, ingawa hakuna ninachoweza kufanya.

Na chupa, Mheshimiwa, hazipatani. Kila kioo kina namna yake ya kutanuka kikipata moto na kusinyaa kikipoa. Ukichanganya chupa ya bia na ya mvinyo kwenye ushanga mmoja, kwa macho zimeungana vizuri, lakini usiku zinaachana. Kwa hiyo hereni mbili za jozi moja kwangu hutoka kwenye chupa moja, na kila chupa ina daftari lake. Ndiyo maana jozi nauza shilingi 12,000. Mteja akiniambia Kariakoo zipo za 2,000, namwambia ni kweli, zipo.

Sasa nije kwenye fomu.

Mwaka jana hoteli moja ya hapa Dodoma iliona kazi yangu wakati wa Bunge la bajeti. Wewe unajua mji wetu unavyokuwa Aprili mpaka Juni, hata muuza karanga anavaa shati la kupiga pasi. Walitaka jozi arobaini za kuweka mapokezi, wakaniomba kitu kimoja tu: nakala ya leseni ya biashara. Nikaona hilo ni dogo. Nilipojaza aina ya biashara niliandika, kwa Kiswahili changu cha shule, "utengenezaji wa vito vya kioo".

Neno "vito" ndilo lililoniponza. Dada wa dirishani aliliona hilo tu, "vya kioo" hakuiona. Akaniambia vito ni madini, na mfanyabiashara wa madini ana leseni yake, kwa hiyo niende kwa watu wa mawe nikaanzie huko. Nikaenda na kikopo changu. Kijana aliyenipokea alichukua ushanga wa kijani, akauweka karibu na jicho kwa lenzi yake, akautazama kwa muda mpaka nikaanza kuingiwa na tamaa. Nadhani naye aliingiwa nayo kidogo, maana jiwe la kijani linalochimbwa Haneti, hapa hapa mkoani kwetu, halina tofauti kubwa na chupa kwa mtu anayepita. Halafu akacheka. "Mama, hii ina viputo vya hewa. Hii ni chupa." Nikamwambia ndivyo nilivyosema tangu mlangoni. Nikamwomba aniandikie hilo kwenye karatasi. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba wao hawatoi barua ya kitu ambacho si madini, wakianza hivyo watamwandikia na mwenye maharage.

Simlaumu. Ana haki. Lakini nilirudi dirishani mikono mitupu.

Mtu mwingine akanishauri niandike "urembo". Nikaandika. Miezi haikupita mingi akaja mkaguzi nyumbani kuangalia vipodozi vilivyopitwa na muda. Nilimwonyesha majivu, tochi na chupa za mvinyo zilizopangwa ukutani, akanitazama kama mke wa mlevi. Alipoiona mitungi akasema hii ni karakana ya kuchomelea, na karakana ya kuchomelea hairuhusiwi kwenye makazi. Kwa siku moja nikawa nimepita madini, nimepita vipodozi, nimefika kwenye mageti na madirisha ya chuma. Jambo la mitungi lenyewe alikuwa na hoja, na nililifanyia kazi: mitungi sasa iko nje kwenye kizimba, imefungwa mnyororo isianguke, na ndoo ya mchanga iko mlangoni. Ningefurahi kukaguliwa na mtu anayejua anachokagua.

Nilipotoa karatasi yangu ya Baraza la Sanaa la Taifa nikaambiwa hiyo ni ya waimbaji. Sheria iliyolianzisha Baraza hilo ni ya mwaka 1984, na sanaa za ufundi zimo tangu zamani, wachongaji na wachoraji na wafinyanzi wote ni wake. Ila ukisema msanii siku hizi mtu anatafuta kipaza sauti.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nao ni wa vikundi, na mimi niko mmoja. Jirani yangu anayeuza vitumbua alikubali kuwa mwanakikundi wangu wa kioo. Nikamwambia hapana, dada, mimi na wewe tutadanganya serikali halafu tutagombana. Hilo naliacha, linataka barua yake.

Nitasema jambo moja la zamani, maana naona kama linahusu. Shanga za kioo si ngeni Ugogo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji karne ya 19 ilikuwa lazima ipite nchi hii kavu, na watemi wetu walitoza hongo kwa maji na kwa njia. Ililipwa kwa vitambaa, na kwa shanga za kioo zilizotoka mbali, kuna za Venezia na kuna za Bohemia. Hongo wakati ule lilikuwa ni jina la kodi tu. Ubaya wa neno umekuja baadaye. Bibi yangu alikuwa na mkufu wa shanga nyekundu aliouvaa siku za ngoma, akipiga muheme na wenzake, na hakuna aliyemwuliza ni madini au si madini. Nilipojifunza kazi hii ndipo nilipotambua kwamba bibi hakuwahi kumwona mtu aliyezitengeneza. Watu wa Krobo kule Ghana wanasaga chupa, wanajaza unga wake kwenye vyungu vidogo vya udongo, wanachomeka kijiti cha jani la muhogo ili kiungue na kuacha tundu, na watu wanasafiri kwenda kuzinunua. Sisi chupa tunazo. Zimejaa kwenye mitaro ya kila baa hapa mjini, na tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni wa kununua kumbukumbu wanashuka kila siku na kurudi Dar es Salaam na chupa ya mvinyo tu.

Ninachoomba ni kidogo. Najua makundi ya leseni hayatungwi ofisini kwako; yanatokana na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 na marekebisho yake, na wizara ndiyo yenye kauli. Lakini sekretarieti yako inakaa na maafisa biashara wa halmashauri zote za mkoa, kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa. Waandikie waraka wa ukurasa mmoja. Useme kwamba mtu anayetengeneza mapambo kwa kioo, kwa mbao, kwa pembe za ng'ombe au kwa mbegu, aandikwe chini ya kazi za mikono, na kwamba neno "vito" pekee lisimpeleke mtu kwa watu wa mawe. Na wakati unalitafakari, hizo halmashauri zikubaliane na wenzao wa zimamoto wanataka mtungi wangu uwe umbali gani na ukuta, waandike, wanipe, nipime kwa futi yangu mwenyewe. Tuko mafundi wachache. Kuna mama wa bangili za pembe kule Chang'ombe aliyeandikwa "mchinjaji". Yeye anacheka, mimi sicheki.

Ukiwa na nafasi, karibu uone kwa macho yako. Njoo saa moja asubuhi, kabla upepo wa mji huu haujaanza kuyumbisha moto, na usivae kitambaa cha nailoni.

Nilitaka kuambatanisha na barua hii ushanga mmoja wa kijani, uliotoka kwenye chupa ya zabibu za Mpunguzi, ili uone viputo vyake. Nilishaufunga kwenye karatasi, ndipo nikakumbuka nilichoandika hapo juu kuhusu watemi. Nimeurudisha mezani. Ni shilingi 4,000, na risiti natoa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa kioo, Nkuhungu