Diski zikipotea kwenye kompyuta, chunguza kadi kwanza

Wateja wengi wanaotuletea kompyuta za studio, za ofisi za uhasibu na zile zinazohifadhi picha za kamera za ulinzi hufika wakiwa wamekwisha kuamini kwamba diski zao zimekufa. Mara nyingi diski ni nzima, na kinachosumbua ni kadi iliyochomekwa kwenye ubao mama ili kuongeza matundu ya diski, au waya unaotoka kwenye kadi hiyo, au umeme unaozifikia diski. Kosa la kadi hurekebishika kwa gharama ndogo, ilhali diski iliyofomatiwa kwa haraka inaweza kupotea na kazi ya miaka mingi.

Swali la kwanza tunalomwuliza mteja ni hili: zimepotea diski zipi, na je, zimepotea pamoja? Ikiwa diski zote zilizounganishwa na kadi zimetoweka kwa mpigo, huku ile yenye Windows, iliyounganishwa moja kwa moja na ubao mama, ikifanya kazi kama kawaida, basi tunaishuku kadi, draiva yake (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), au waya mmoja wa umeme unaozilisha diski hizo zote, kwa kuwa ni nadra sana diski tatu au nne kufa saa moja. Ikiwa imepotea moja tu, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha badilishanisha nyaya za data kati ya diski inayoonekana na isiyoonekana, upande wa diski tu. Kosa likihamia kwenye diski iliyokuwa ikionekana, ubovu uko kwenye waya au kwenye tundu la kadi. Likibaki palepale, angalia diski yenyewe na umeme wake. Jaribio hili lisifanywe kwa diski zilizofungwa pamoja kwa RAID, yaani mpango unaozifanya diski kadhaa zitumike kama moja.

Diski nazo hujiwekea kumbukumbu ya afya yao, iitwayo SMART, ambayo husomwa kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Tazama kipengele cha 199, ambacho programu hiyo hukiandika C7: huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kadi. Kikizidi kupanda huku vipengele vya 5 na 197, vinavyohusu sehemu mbovu za diski yenyewe, vikiwa sifuri, badilisha waya kabla ya kununua diski, na uhakikishe kwamba waya mpya wa SATA (aina ya muunganisho wa diski za kompyuta za kawaida) hauzidi mita 1. Hesabu ya 199 hairudi nyuma baada ya matengenezo. Dalili ya kupona ni kwamba imeacha kuongezeka.

Joto ndilo linalowachanganya watu zaidi. Kadi za SAS (muunganisho wa diski unaotumika kwenye seva) zilizotolewa kwenye seva, ambazo sasa hununuliwa sana zikiwa zimetumika, ziliundwa kwa ajili ya mashine ambamo feni hupuliza hewa juu yake bila kukoma. Ukiiweka kadi ya namna hiyo katika kasha la kawaida, itazionyesha diski vizuri asubuhi, kisha diski zitatoweka katikati ya kunakili mafaili makubwa ya video, na zitarudi kompyuta ikizimwa na kupoa. Mwenye tatizo hili hahitaji diski mpya wala Windows mpya. Feni ndogo inayoelekezwa kwenye kadi humtosha.

Kwa wateja walio mjini pwani, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa ya chumvi na unyevu ni adui mwingine. Ichomoe kadi uitazame ile safu ya miguso yenye rangi ya dhahabu: ikiwa ina madoa au imefifia, ifute taratibu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, iache ikauke kabisa, kisha irudishe mpaka ikae sawasawa na uikaze skrubu. Ukiwa hapohapo, kagua vigawanyio vya umeme vya diski. Plastiki iliyogeuka kahawia au yenye harufu ya kuungua ni sababu ya kutoiwasha kompyuta tena hadi kigawanyio kibadilishwe.

Neno kuhusu ununuzi: diski ya SATA hufanya kazi kwenye kadi ya SAS, lakini diski ya SAS haifanyi kazi kwenye kadi ya SATA.

Tunawasihi sana jambo moja. Windows ikileta dirisha la kutaka kuiandaa upya diski iliyokuwa na mafaili, au kuifomati, katalieni. Vivyo hivyo kadi ya RAID ikisema imekuta mpangilio wa kigeni na kuuliza kama iufute, msikubali, kwa sababu mara nyingi mpangilio huo ndio unaoeleza jinsi data yenu ilivyogawanywa kati ya diski.

Mnapotuletea kompyuta, andikeni kwa kalamu ya maka juu ya kila diski namba ya tundu ilimokuwa, msiache diski hata moja nyumbani, na leteni kadi ileile hata kama mnaamini imeungua. Tunaanza kwa kunakili kila diski tunayoweza kuisoma kwenye diski yetu, na matengenezo hufuata baada ya hapo.