Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Sayansi na Ufugaji, Busia, Uganda, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mheshimiwa mwenyekiti wa baraza la kaunti ndogo (LC III), mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Tunakushukuru kwa kuja. Tunajua huu ni msimu wa chanjo na watu wanakutafuta kila kona ya wilaya.

Mheshimiwa, tunaanza na msiba. Likizo ya Desemba kideri kiliingia katika banda letu. Tulikuwa na kuku 41, tulipofungua shule tukakuta 3. Kati ya waliokufa walikuwemo kuku wa kishingo tuliopewa na bibi wa mwenzetu mmoja, mbegu aliyoitunza tangu alipoolewa. Siku tunawafukia, mwenzetu huyo akamuuliza mwalimu: mbegu ya fahali inagandishwa, inakaa miaka na inazalisha, kwa nini ya kuku wa bibi ipotee hivi hivi? Swali hilo ndilo lililotuingiza katika habari ya seli shina za mifugo, na ndilo tunalotaka kukueleza leo.

Seli nyingi za mwili zimekwisha pewa kazi yake: ya ngozi ni ya ngozi, ya misuli ni ya misuli. Seli shina bado haijafungwa na kazi moja. Hujigawa ikazaa nyingine kama yenyewe, au ikageuka kuwa ya aina nyingine. Sisi tumeielewa kwa mgomba. Ukikata mgomba uliokwisha zaa, tunguu lililo ardhini bado linatoa machipukizi.

Kwa panya, wanasayansi walifaulu kukuza seli shina za kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika, mwaka 1981. Kwa ng'ombe kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu lishe iliyofaa seli za panya haikuzifaa za ng'ombe. Ziligeuka mapema na kupoteza uwezo wake. Ni mwaka 2018 ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipotangaza kuwa wamezipata zinazodumu. Miaka 37, mheshimiwa, kwa mnyama anayelisha watu wengi hivi duniani! Tulipoisoma habari hiyo tuliona kuwa mifugo iliachwa nyuma, na bado nafasi ipo kwa vijana wa Afrika kuingia.

Turudi kwa kuku, maana hapo ndipo moyo wetu ulipo. Yai la kuku haligandishwi likabaki hai, kwa kuwa kiini chake ni kikubwa mno. Mbegu ya jogoo inaweza kugandishwa, lakini haibebi kila kitu. Kwa ndege, ni jike anayebeba kromosomu inayoamua jinsia, kwa hiyo mbegu ya jogoo peke yake hairudishi ukoo mzima. Njia iliyopatikana ni seli tangulizi za uzazi, ambazo ni ndugu wa karibu wa seli shina. Yai likiatamiwa siku mbili na nusu hivi, seli hizo zinasafiri ndani ya damu ya kiinitete kuelekea mahali pa ovari au korodani. Zinachotwa humo kwa sindano nyembamba, zinakuzwa maabara, kisha zinagandishwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Siku zikihitajika, zinatiwa katika kiinitete cha kuku mwingine. Huyo akikua, anaweza kuzaa vifaranga vya ukoo ule uliohifadhiwa. Katika Taasisi ya Roslin huko Scotland, alikozaliwa mwaka 1996 kondoo Dolly, aliyenakiliwa kutoka seli ya kondoo mwingine, wametengeneza hata kuku jike wasio na seli zao za uzazi, ili wapokee za ukoo mwingine.

Kwa ng'ombe na mbuzi kuna jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Jon Oatley wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walieleza jinsi seli shina za mbegu za dume bora zinavyohamishiwa katika dume lisilo na mbegu zake. Nguruwe na mbuzi waliopandikizwa walianza kutoa mbegu za yule dume bora. Kwa wazazi wetu hapa uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mbegu bila dume, unahitaji fundi, mtungi wa nitrojeni, na simu ya kuita mapema kabla joto la ng'ombe halijapita. Kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, fundi yuko mbali zaidi. Dume linalotembea na kundi na kupanda lenyewe lingeondoa mzigo mkubwa.

Hata nyama ya kukuzwa maabara kutokana na seli shina, iliyoonjwa London mwaka 2013, tuliijadili jioni moja. Wengine waliuliza uhalali wake, wengine bei. Hatukuafikiana.

Hofu yetu ni moja, mheshimiwa. Seli haziokotwi hewani, zinatoka kwa mnyama aliye hai. Ng'ombe wetu wa asili, Ankole wa pembe ndefu, wanachanganywa na Friesian wa kigeni kwa ajili ya maziwa, na hatuwalaumu wafugaji, kwa maana ada zetu za shule zinatoka humo. Lakini mnyama safi akiisha, hata maabara bora haitakuwa na cha kuhifadhi. Sheria nayo haijatulia: mswada wa bayoteknolojia, yaani sayansi ya kutumia na kubadili viumbe maabara, ulipitishwa na Bunge mwaka 2017, ukarudishwa na Rais, ukapitishwa tena 2018 na kurudishwa tena. Tungependa kusikia maoni yako juu ya hilo, ukiona vyema.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba utufungulie njia ya kutembelea kituo cha taifa cha jeni za wanyama kule Entebbe. Hadubini yetu ni moja, na lenzi yake imepasuka. Tunaomba pia chanjo ya kideri ya matone ya jicho, ile inayostahimili joto, ifike vijijini kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu seli zilizogandishwa Entebbe hazitamlisha bibi Jumapili hii. Na siku watafiti watakapokuja kuchukua mayai au damu ya kuku wetu, tunaomba jina la kijiji na la mama aliyetunza mbegu hiyo liandikwe, na faida imfikie. Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa unaotaka faida itokanayo na mbegu za asili kama hizi igawanywe kwa haki.

Mheshimiwa, bibi hakukata tamaa. Alivuka kwenda kwa dada yake Tororo akarudi na mayai 9 ya kishingo katika kapu la majani makavu. Yameanguliwa 6. Vifaranga hao wako kwenye sanduku juu ya meza ile chini ya mwembe, chupa ya chanjo iko pembeni yao, na bibi mwenyewe ameketi hapo. Tunakuomba uwatie tone la kwanza.

Kwa Mungu na nchi yangu.